Mbayuwayu wa Pili

Fundi wa mapaa alipoanguka, hakuanguka kutoka juu ya paa. Alianguka bafuni kwake, mswaki ukiwa mdomoni, mtu aliyetembea juu ya kenchi za maghorofa maisha yake yote bila hata kuteguka kidole. Mkewe alisikia kishindo, akadhani ni ndoo.

Daktari alisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia umelala, na maneno nayo yamelala. "Mkono tutaufanyisha mazoezi," alisema. "Maneno yana njia zake. Huenda yakarudi, huenda yasirudi."

Baada ya siku chache lilirudi neno moja, ila hakuna aliyelijua.

Lilikuwa neno fupi, linaloanza kama mtu anayenong'ona na kuishia kama mlango unaorudishwa taratibu. Mzee alilitamka macho yake yakiwa kwenye mlango wa wodi, akapumzika, akalitamka tena. Dada yake, shangazi wa nyumba ile, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitafutia maana.

"Anataka uji."

"Wifi, kwako kila kitu ni uji," alisema mkewe.

"Basi maji. Mgonjwa atataka nini kingine?"

Wakampa maji. Akayaacha yamtiririke kidevuni, akalisema tena lile neno.

Binti yake alikuwa amekaa upande wa mkono mzima, ameushika. Alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya mahakama, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi mbili za mvuke, na waya uliotundikwa mashati ya mawakili yakaonekana kama kikao cha watu wasio na vichwa. Mtaa mzima ulimwita Mbayu. Jina kamili lilikuwa Mbayuwayu, na aliyempa ni baba yake, mwaka ule aliporudi kutoka mbali, binti akiwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto.

Fundi aliondoka mtoto akitambaa, akaenda kuezeka kwenye mji wa watu wenye lugha nyingine na baridi isiyo na adabu. Alirudi na sanduku moja, goti bovu, na maneno ya ndege. Watu wengine hurudi na redio. Yeye alikaa mezani akaanza, "Kule...", na neno hilo tu lilitosha kumfanya binti aweke kijiko chini.

"Kule bundi hapigwi mawe. Bundi ni mwenye akili. Wanamchora kwenye mikoba ya watoto wa shule."

"Mungu apishe mbali," alisema shangazi.

"Na mtu mwoga wanamwita kuku."

"Kuku? Hao hawajawahi kumsogelea kuku mwenye vifaranga. Mwoga ni kunguru, ndiye anayekimbiza ubawa wake."

"Na mtu anayekula kidogo, wanasema anakula kama ndege."

Hapo hata mama alicheka. "Waliosema hivyo hawajawahi kulima mtama."

Alikuwa nayo mengi. Alisema yule bata mkubwa mwenye ngozi nyekundu shingoni hana kwao, kwa sababu kila taifa limempa jina la taifa jingine, kama mtoto anayekanwa na baba wote. "Sisi tukaona tusigombane na mtu, tukamwita bata mzinga." Na alisema kule mbayuwayu mmoja haleti kiangazi. "Lakini wewe," akimgeukia binti, "ukija peke yako, jua linawaka." Binti alikua na maneno hayo. Shuleni waliposimulia baba zao waliwaletea nini kutoka safari, yeye alisema, "Wangu aliniletea jina."

Sasa baba huyo alilala chini ya shuka la hospitali akilirudia neno lisilojulikana, na binti akalirekodi kwenye simu.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo mkalimani wa mahakamani, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, ambaye karani mmoja alimbandika jina la Mama Tafsiri na likamganda. Kila wiki alileta koti lake jeusi. Siku hiyo alipokuja kulichukua, dobi alimwomba asikilize kitu. Mama Tafsiri aliweka simu sikioni, akafumba macho kama anavyofanya akisimama kando ya kizimba.

"Nani huyu?"

"Baba yangu."

"Analitamka vizuri sana." Akasikiliza tena. "Ni ndege. Wale wadogo wenye mkia kama mkasi, wanajenga kwa udongo chini ya mapaa. Kwetu tunawaitaje... lipo mdomoni..."

"Mbayuwayu," alisema dobi, pasi ikiwa mkononi.

"Ndiye huyo."

Hata koti la watu hakumalizia kulifunga. Alichomoa pasi, akafunga mlango, akaenda hospitalini nusu anatembea nusu anakimbia. Alipofika kitandani aliinama mpaka shavu likagusa la mzee. "Baba, ni mimi. Nipo hapa." Mzee alimtazama kwa wema, vile mtu anavyomtazama mhudumu aliyemletea kitu asichoagiza. Kisha akageuza macho mlangoni, akaita tena.

Binti hakuliona hilo, au aliliona akalipita. Alimfuata mama yake kwenye korido. "Mama! Ananiita mimi! Ni lile jina langu, ila analisema kwa lugha ya kule."

"Sawa, mwanangu," alisema mama, akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Siku zilizofuata Mbayu alikuwa na furaha ambayo mtu hapaswi kuwa nayo akiwa na mgonjwa. Aliwasimulia mawakili waliofuata mashati yao. Shangazi naye aliibeba habari akaitembeza nyumba kwa nyumba: kaka amesahau dunia nzima, hata dada yake aliyembeba mgongoni, lakini mtoto wake hajamsahau. Kila mzee alipoita, binti aliitika, "Bee, baba." Na kila alipoitika, mzee aliita tena.

Jioni moja, jikoni, mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Aliongea bila kuinua kichwa.

"Si wewe anayekuita."

Binti alidhani hakusikia vizuri.

"Kabla hajaondoka alikuwa akikuita Kifaranga," mama alisema. "Jina la Mbayuwayu lilianza aliporudi. Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Mimi nakumbuka kwa sababu siku za mwanzo hukuwa unaitika. Anaita, wewe unacheza tu, hujui ni wewe."

"Mama, unasema nini?"

"Nasema kuna mwingine. Kule. Binti, mdogo wako."

Mama alitoa jiwe kwenye mchele, akaliweka ukingoni mwa sinia.

"Alikwambia nani?"

"Ndege wake ndio walioniambia." Sasa aliinua kichwa. "Mtu akienda kufanya kazi ugenini anajifunza maneno ya kazi. Pandisha. Shusha. Lete nyundo. Pumbavu wewe, angalia kichwa. Baba yako alirudi anajua jogoo wa kule anawika namna gani, na bata wa kule analiaje. Nani alimfundisha? Msimamizi wa ujenzi? Mwanamume hawezi kujua mlio wa bata kwa lugha ya watu mpaka awe amekaa sakafuni na mtoto mwenye kitabu cha picha."

Binti alikaa kwenye kigoda. Mama aliendelea, sauti ileile.

"Miaka yote hiyo shangazi yako alikuwa akinifariji. 'Tulia wifi, kanga hazai ugenini.' Nami nikatulia. Basi siku ile ananiigizia jogoo wa kule, mezani, wewe unacheka mpaka unapaliwa, mimi nikajua kanga amezaa. Nilimuuliza mara moja tu. Hakukataa. Alisema na mama wa mtoto walikuwa wameshaachana. Nikamwambia: mtoto hana kosa, mtunze, mpigie simu, lakini ndani ya nyumba yangu asitajwe. Na hakumtaja. Hata mara moja. Alikuwa mtiifu, baba yako, akishakosea." Mkono wake ulisimama juu ya mchele. "Sasa kichwa kimepasuka, na kilichomwagika ni kile nilichokifungia mimi."

"Kwa hiyo mimi nilipewa jina la mtumba."

"Ulipewa jina alilolipenda."

"La mtumba, mama."

Mama alirudisha mkono kwenye mchele.

Siku iliyofuata dobi hakwenda hospitalini. Alipiga pasi. Aliunguza shati la wakili mmoja mgongoni, alama ya pasi nzima, akabaki anaitazama kana kwamba imeunguzwa na mtu mwingine. Kila neno la mezani lilimrudia, bundi na kuku na bata mzinga, na sasa kila moja alilisikia likisemwa kwanza kwa mtoto mwingine, kwenye sakafu nyingine. Hata vicheko vyake alivihesabu kuwa vya kuazima.

Mchana mama yake aliingia, amevaa viatu vya kutokea. Hakuwa amewahi kuja pale bila nguo za kufua. Nyuma yake alikuwa Mama Tafsiri, wamekutana mlangoni.

"Nimekuja kumwomba mteja wako msaada," mama alisema. Akaweka simu ya mzee juu ya meza ya kupigia pasi. "Namba imo humu. Ameiandika 'Vigae'. Mpaka leo sijui kama alidhani mimi sijui. Ndege mjanja, tundu bovu."

Wakapiga, sauti ikiwa wazi. Iliitika sauti ya msichana, nyepesi, nyuma yake kukisikika trei za chuma zikigongana. Mama Tafsiri alijitambulisha, akaeleza. Kisha yakaja maneno mengi kwa pamoja, na Mama Tafsiri akaanza kutafsiri kwa namna aliyoizoea kazini, ambapo mkalimani huwa ndiye msemaji.

"'Mimi ni binti yake,'" alisema Mama Tafsiri, macho yamefumbwa. "'Nawajua nyinyi. Baba aliniambia tangu nikiwa mdogo. Alinionyesha picha ya dada. Wiki hizi nimepiga simu haishikwi, nikadhani amenichoka. Je, anaumwa sana? Nakuja. Mwambieni nakuja.'"

Dobi alikuwa amesimama ameshika ukingo wa meza. Neno lililomchoma ni 'dada'. Huyu wa kule alikuwa na dada muda wote. Aliyekosa ni yeye.

Mama aliinamia simu, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Njoo, mwanangu." Halafu akamwambia mkalimani, "Hilo nalo litafsiri."

Kabla hajaondoka, Mama Tafsiri alimfundisha dobi namna ya kusema "Anakuja" kwa lugha ile, ili mzee ajue. Lilikuwa gumu, lilitaka ulimi ugeuzwe kama shati. Dobi alilikariri njia nzima mpaka wodini.

Safari ya mgeni ilikuwa ndefu, na mzee hakuwa na muda. Siku ambayo yule binti alikuwa angani, daktari alimwita mama ofisini, akafunga mlango. Shangazi alikuwa ametoka kutafuta, ndiyo, uji. Dobi alibaki peke yake kando ya kitanda, jua la alasiri likiwa limefika mpaka kwenye miguu ya kitanda.

Mzee aliita. Sauti ilikuwa imepungua, lakini neno lilikuwa lilelile.

"Anakuja," binti alisema kwa lugha ya kule, kama alivyofundishwa.

Mzee aliangalia mlango. Akaita.

"Anakuja, baba."

Akaita tena, na safari hii pumzi ilichelewa kurudi. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja, lile la upande mzima. Binti alisimama, akatoka mpaka dirishani mwa korido ambako simu inashika, akampigia Mama Tafsiri.

"Nifundishe 'nimefika'."

"Amefika?"

"Hajafika."

"Mwanangu, mimi kazi yangu ni kutafsiri kinachosemwa. Huwa sitafsiri uongo."

"Hatafika kwa wakati."

Mama Tafsiri alivuta pumzi. "Sikiliza vizuri," alisema. "'Nimefika, baba.' Sema taratibu, usiume mwisho."

Dobi alirudi. Alikaa upande wa mlango, mahali macho ya mzee yalipokuwa yakienda. Alingoja aitwe. Alipoitwa kwa jina lile ambalo kwa miaka yote alidhani ni lake, aliitika kama mwenyewe: "Nimefika, baba."

Mzee aliuacha mlango. Alimtazama usoni, akamtazama sana, na uso wake ambao nusu yake ilikuwa imekufa ukajaribu kucheka kwa nusu iliyobaki. Akasema kitu. Halikuwa neno moja tena. Ilikuwa sentensi nzima, laini, imetoka yote bila kukwama, kwa lugha ambayo aliyeketi mbele yake hakuijua hata kidogo. Binti aliitikia kwa kichwa. Ndicho alichoweza. Mzee akafumba macho, na shangazi aliporudi na chupa ya uji mkononi alimkuta wifi yake amekaa sakafuni kwenye korido, na mlango wa wodi umefungwa.

Mgeni alifika kesho yake asubuhi. Simu yake ilikuwa imezimika njiani, hivyo hakuna aliyeweza kumwambia. Aliletwa na teksi mpaka mlangoni, akiwa na mkoba mmoja, msichana mrefu mwenye masikio ya fundi, na mikono yake ilikuwa na alama za kuungua juu ya viwiko, kwa sababu alikuwa mwokaji mikate. Aliviona viatu vingi pale kizingitini, lakini labda alidhani nyumba ile ina watu wengi. Mama ndiye aliyetokea. Msichana alijiweka sawa, akatoa sentensi moja ya Kiswahili, iliyokaririwa kwa bidii:

"Hodi, mama. Nimekuja kwa ndege."

Kisha akatabasamu, akingoja wacheke. Baadaye walielewa: fundi alimwambia zamani kwamba kwao chombo cha angani na kiumbe cha mtini vina jina moja, na kwamba siku atakapofika mlangoni aseme hivyo, kila mtu atacheka.

Mama hakucheka. Alimshika mabega, akamvuta kifuani, na msichana akaelewa bila mkalimani. Sauti aliyoitoa haikuwa ya lugha yoyote.

Walizika alasiri hiyo. Mgeni alisimama pembeni ya waombolezaji, hajui aweke wapi mikono, na shangazi aliyekuwa amenuna tangu asubuhi alimtazama mara mbili tatu, kisha akajisemea, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akaenda akamkamata mkono, akamleta mbele.

Watu walipopungua, walikaa sebuleni wanawake watano: mama, shangazi, dobi, mgeni, na Mama Tafsiri katikati. Mgeni aliuliza, na Mama Tafsiri akasema kwa sauti yake ya upole, "'Je, aliniita?'"

"Alikuita kila siku," mama alisema.

"'Nani alimjibu?'"

Mama alimtazama binti yake. Hakuwa anajua.

"Mimi," alisema dobi. "Nilimwambia nimefika. Nilisema kwa lugha yenu."

Mama Tafsiri akalitafsiri jibu hilo. Uso wa mgeni ukawa mwekundu, kisha ukapauka. Alisema kitu kifupi.

"'Hilo lilikuwa neno langu. Nilikuwa nakuja nalo.'"

"Najua."

"'Aliamini?'"

"Aliacha kuangalia mlango. Alitabasamu. Akasema kitu. Kirefu kidogo."

Mgeni alisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Hakukuwa na haja ya kutafsiri swali.

"Sikuelewa," dobi alisema. "Sikuelewa hata neno moja."

Mgeni alimshika mikono yote miwili, akamsihi ajaribu, sauti tu, chochote kilichobaki. Dobi alifumba macho. Mwanzo ulikuwa umeshapotea. Alikumbuka mwisho, namna sauti ilivyopanda ikashuka, na silabi tatu za kumalizia. Alizitamka. Mgeni aliomba arudie. Akarudia. Mgeni na Mama Tafsiri walitazamana, wakajadiliana kwa minong'ono, wakamwomba tena, na kila alivyorudia silabi zilizidi kuchakaa mdomoni mwake, mpaka hakujua tena kama anakumbuka au anabuni.

"Huenda ni 'umekua'," Mama Tafsiri alisema mwishoni. "'Umekua mkubwa.' Au huenda ni 'funga mlango'. Kwa lugha ile yanakaribiana sana."

Shangazi alitokwa na kicheko, kikamponyoka tu, akaziba mdomo kwa aibu. Lakini mgeni naye alikuwa anacheka, machozi yanamwagika, na anasema kitu kwa kukatakata. "'Itakuwa mlango,'" Mama Tafsiri alitafsiri, naye sauti yake ya kazini imemtoka. "'Alikuwa anasikia baridi siku zote. Kila nikiingia ilikuwa hivyo. Funga mlango.'"

Dobi hakucheka. Alitoka uani akasimama karibu na kamba ya nguo. Alikuwa amemwambia mzee uongo ili afe kwa amani, na hakujuta. Ila kulikuwa na maneno ya mwisho ya mtu, yamesemwa mbele yake, ana kwa ana, na yeye ndiye aliyeyaangusha.

Mgeni alikaa nao siku kadhaa. Alilala kwenye chumba cha Mbayu, kitanda kimoja, wakigeuziana migongo. Waliongea kwa vidole na kwa Mama Tafsiri alipopata nafasi. Siku moja aliuliza kama ni kweli kwamba hapa watu wenye raha wanasemwa wanakula bata, na shangazi akajibu ni kweli, ila yeye binafsi bata huyo amekuwa akimsikia tu kwa jirani. Siku moja walioka mkate ukaungua. Kupendana hawakuwahi kupendana, si kwa siku chache zile. Dobi alikuwa bado akisikia uchungu kila mgeni alipokitaja kitu cha baba kwa wepesi wa mwenye mali. Aliwaomba watu wa mtaani waache kumwita Mbayu. Wengi walisahau, naye akachoka kuwakumbusha. Mgeni akaondoka, wakamsindikiza, wakarudi kwenye nyumba yenye viti vingi kuliko watu.

Mashati yaliendelea kuletwa. Mama alianza kusahau chumvi kwenye chakula, akawa anakula hivyohivyo.

Jumapili moja wakiwa mezani simu ililia. Ulikuwa ni ujumbe wa sauti kutoka kule. Dobi aliuweka katikati ya sahani, wakasikiliza. Msichana alikuwa anazungumza kwa utulivu, kirefu, mahali fulani akasimama, akakohoa kidogo, akaendelea. Hawakuelewa chochote. Ulipokwisha, binti alinyoosha mkono aitie simu mfukoni.

"Kesho nitampelekea Mama Tafsiri atuambie."

"Utampelekea," mama alisema. "Rudisha kwanza nisikie. Hapo anapokohoa kama baba yako."

Binti alirudisha. Mama alisogeza sahani pembeni, akaegemeza kidevu mkononi, na wakasikiliza tena mpaka mwisho.